Kuiwekea laptopu ya zamani mfumo mpya bila CD wala DVD

Swali: "Nina laptopu ya zamani, ya mwaka 2008 hivi. Ina prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2 na diski ya GB 160. Ilikuja na Windows Vista. Kisomea DVD chake kilishakufa, nikakitoa kabisa. Nataka kuiwekea Linux ili mdogo wangu aitumie kuandikia kazi zake za shule na kusomea. Nimepakua faili la ISO la Linux Mint, nikalinakili kwenye flashi, nikaichomeka na kuwasha mashine. Inakwenda moja kwa moja kwenye Vista kana kwamba flashi haipo. Rafiki yangu anasema mashine za zamani namna hiyo haziwezi bila CD, eti ninunue kisomea kipya. Ni kweli?"

Jibu:

Si kweli, ndugu yangu, na usinunue kitu bado. Laptopu nyingi za umri huo zinawaka kutoka kwenye flashi, na ya kwako naitarajia iweze. Kilichokukwamisha si kukosa DVD. Ni namna flashi yenyewe ilivyotengenezwa, na pengine foleni ya BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows) iliyoiweka flashi nyuma ya diski. Naanza na flashi, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza siku nzima wakidhani mashine ndiyo mbovu.

Faili la ISO ni picha kamili ya CD au DVD. Kila kilichokuwa kwenye sahani ile, kwa mpangilio wake, kimefungwa ndani ya faili moja. Ukilinakili kwenye flashi kama unavyonakili picha au wimbo, umeweka sanduku lililofungwa ndani ya sanduku jingine. Wewe ukiwa ndani ya Windows unaliona, lakini BIOS hailioni, kwa sababu BIOS ya mwaka 2008 haijui mafaili hata kidogo. Inachojua ni kwenda kwenye sekta ya kwanza ya diski, kusoma baiti 512, na kuangalia kama baiti mbili za mwisho ni 55 na AA. Zikiwa hivyo, inaikabidhi sekta hiyo mashine nzima na yenyewe inakaa pembeni. Kila kinachofuata, kuanzia menyu ya kwanza hadi picha ya Linux kwenye kioo, kinatokana na programu ndogo iliyomo kwenye baiti hizo. Flashi uliyonakilia ISO haina programu hiyo, kwa hiyo BIOS ikapita na kwenda kwenye diski yenye Vista.

CD ilikuwa na utaratibu wake tofauti wa kuwashia kompyuta, unaoitwa El Torito, uliotolewa mwaka 1995. Ndiyo maana ISO ikichomwa kwenye CD iliwaka bila mtu kuumiza kichwa. Kwa BIOS, flashi ni diski, haihesabiwi kama CD, na inafuata sheria za diski. Watengenezaji wa Linux walilitatua jambo hili kwa kutoa ISO chotara. Mwanzoni mwa faili lile lile kuna sekta ya kuwashia ya kidiski, na ndani kuna utaratibu wa CD pia. Ukiliandika faili hilo baiti kwa baiti kuanzia sekta ya kwanza kabisa ya flashi, mashine inawaka. Huko ni kuandika, si kunakili, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuangusha.

Kabla hujaiandika upya, ijue mashine yako, kwa sababu flashi inatengenezwa ilingane na mashine. Mambo ya kujua ni mawili tu: prosesa ni ya biti ngapi, na kinachoiwasha ni BIOS ya zamani au UEFI, mrithi wake. Core 2 Duo ni ya biti 64, hapo huna shida. Nalisema wazi kwa sababu Windows yako huenda ikakuonyesha maneno "32-bit", na ukadhani ni habari za prosesa, kumbe ni habari za Windows iliyowekwa. Anayenisoma na ana mashine iliyoandikwa Core Duo, bila ile 2, awe mwangalifu: hiyo ya mwaka 2006 ni ya biti 32, na vivyo hivyo Atom N270 iliyojaa kwenye laptopu ndogo za mwaka 2008. Kwa mashine za namna hiyo chaguo limepungua sana. Ubuntu iliacha kutoa ISO za mezani za biti 32 kuanzia toleo la 17.10, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Debian 12 bado inacho.

Kuhusu UEFI, ilienea kwenye laptopu za kawaida karibu na ujio wa Windows 8 mwaka 2012. Ya kwako ni ya kabla, kwa hiyo ichukulie kuwa ni BIOS, na kwa BIOS flashi inatakiwa iwe na jedwali la patisheni (orodha ya vipande ambavyo diski imegawanywa) la aina ya MBR. Likumbuke hilo neno, utakutana nalo muda si mrefu.

Niseme pia kuhusu mfumo uliouchagua. Umefanya vizuri kuachana na Windows kwenye mashine hii. Vista ilikoma kupata masasisho ya usalama Aprili 2017. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na RAM ya GB 4, na hata ukizunguka masharti hayo kwa ujanja, matoleo yake kuanzia 24H2 yanahitaji amri ya prosesa iitwayo POPCNT ambayo Core 2 Duo haina. Haitawaka tu.

Lakini Linux Mint kwa GB 2 itakuwa inahema. Wenyewe wanaitaja GB 2 kuwa kima cha chini na GB 4 kuwa ndiyo ya kufanyia kazi kwa raha. Mfumo utawaka, ila mdogo wako akifungua kivinjari na kurasa nne tano, diski itaanza kukwaruza na kishale kitagoma. Kama RAM inabaki hiyo hiyo, ningemwekea antiX, iliyojengwa juu ya Debian kwa ajili ya mashine za zamani hasa, au Debian yenyewe na mazingira ya mezani ya LXQt. Ukipata GB 4, na Core 2 Duo nyingi zinazikubali, basi Mint ya Xfce, toleo lake jepesi, itamfaa na atajifunza upesi kwa sababu menyu yake inafanana na aliyoizoea. Na kama utawahi kuwa na fedha ya kitu kimoja tu cha kuibadilisha mashine hii, iende kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, si kwenye kisomea DVD. Hapo ndipo utaona uzee umetoka.

Sasa tuiandike flashi. GB 4 inatosha kwa nyingi ya ISO hizi, GB 8 inatosha kwa zote nilizozitaja. Kila kilichomo ndani kitafutika, kwa hiyo hamisha picha zako kwanza. Tumia kompyuta nyingine iliyo mpya zaidi kama unaweza kuazima, maana programu nyingi za kazi hii hazifanyi kazi tena kwenye Vista.

Anza kwa kuhakikisha faili lenyewe limefika zima. Intaneti ikikatika katikati ya upakuaji, unaweza kubaki na ISO iliyopungua, na itakutesa baadaye kwa makosa yasiyoeleweka. Kwenye ukurasa wa kupakulia huwa kuna mfuatano mrefu wa herufi na namba ulioandikwa SHA256. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili, kisha andika:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Weka jina halisi la faili lako pale palipoandikwa linuxmint.iso. Kwenye Linux amri ni sha256sum ikifuatiwa na jina la faili. Linganisha herufi chache za mwanzo na chache za mwisho na zile za kwenye ukurasa. Zikitofautiana hata moja, pakua upya. Dakika mbili hizi zimewahi kuniokolea siku nzima zaidi ya mara moja.

Kwenye Windows, programu ninayoiamini kwa mashine za BIOS ni Rufus. Ifungue, chagua flashi yako, chagua ISO, kisha tazama sehemu ya aina ya patisheni. Iwe MBR. Programu ikiachwa kwenye GPT, aina mpya zaidi ya jedwali hilo, flashi itawaka kwenye laptopu mpya uliyoazima na itagoma kwenye ya kwako, nawe utabaki unashangaa. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, Rufus ikigundua kuwa ISO ni chotara itakuuliza uiandike kwa njia ya ISO au ya DD. Jaribu ya ISO kwanza kama inavyopendekeza yenyewe. Mashine ikikataa, rudi uchague DD, ambayo ndiyo ule uandishi wa baiti kwa baiti nilioueleza juu. Kwenye BIOS ngumu hiyo ya pili ndiyo huwa inakubali.

Kama kompyuta uliyoazima ina Linux, huhitaji programu yoyote. Chomeka flashi, fungua dirisha la amri, andika lsblk, amri inayoorodhesha diski zote, na utazame ukubwa. Kama diski ya kompyuta hiyo ni ya GB 500, itaonekana kama 465G hivi, na flashi ya GB 8 itasoma 7 na ushee. Tuseme flashi imejitokeza kama sdb. Amri inakuwa:

sudo dd if=linuxmint.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync

Hapa nakuomba utulie kabla ya kubonyeza Enter. dd haiulizi mara mbili. Ukiandika sda badala ya sdb umefuta diski ya mtu aliyekuazima kompyuta, na hakuna kurudi nyuma. Andika sdb yenyewe, bila namba ya patisheni mwishoni, kwa sababu tunataka kuanzia sekta ya kwanza ya flashi nzima na si ndani ya patisheni yake. Mimi huwa nachomoa flashi, naendesha lsblk, naichomeka tena, naendesha lsblk mara ya pili, na jina lililojitokeza ndilo naliandika.

Flashi ikiwa tayari, tunaingia kwenye BIOS, na hapa nitakaa kidogo. Chomeka flashi mashine ikiwa imezimwa kabisa. BIOS nyingi za zamani huhesabu vifaa mara moja tu wakati wa kuwaka, na flashi inayoingia sekunde tano baadaye haihesabiwi. Itumbukize kwenye tundu la laptopu yenyewe, usiipitishe kwenye kigawanya matundu. Washa, na papo hapo anza kugonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwenye Dell na ThinkPad ni F12, kwenye HP nyingi ni Esc au F9, kwenye Asus ni Esc. Kwenye Acer ni F12, ila mara nyingi ni mpaka uiruhusu kwanza ndani ya mipangilio ya BIOS. Kigonge mfululizo, usikishikilie.

Menyu ikitokea na jina la flashi likiwemo, lichague na kazi imeisha. Lakini zipo BIOS ambazo hazionyeshi flashi kama kitu cha kujitegemea, na hizi ndizo zinazowafanya watu waamini maneno kama ya rafiki yako. Niliwahi kukaa jioni nzima na laptopu moja ambayo kwenye orodha ya kuwashia ilikuwa na mistari mitatu tu: diski, CD, na mtandao. Nilijaribu flashi tatu, nikaziandika upya kwa programu mbili tofauti, hakuna kitu. Baadaye nikaona alama ndogo ya kujumlisha pembeni ya mstari wa "Hard Drive". Nikabonyeza Enter juu yake, mstari ukafunguka, na ndani yake diski na flashi zilikuwa zimepangana, diski juu, flashi chini. Kumbe BIOS ile iliihesabu flashi kuwa diski ya pili, na kila ilipoambiwa iwashe kutoka kwenye diski ilichukua iliyo juu. Nikaipandisha flashi kwa kitufe cha F6, nikahifadhi kwa F10, na Linux ikawaka mara ya kwanza. Kwenye BIOS nyingine vitufe vya kupandisha na kushusha ni alama za kujumlisha na kutoa, na maelezo yake huwa yameandikwa pembeni au chini ya kioo. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio kamili, kwa kawaida ni F2, F10 au Del, nenda kwenye ukurasa wa Boot, na ufungue kila mstari unaofunguka kabla hujaamua kuwa mashine haiwezi.

Ukiwa humo humo, tafuta kitu kinachosomeka "Legacy USB" au "USB Boot" na ukiwashe. Ukikutana na majina ya ajabu kama USB-FDD, USB-ZIP na USB-HDD, chagua USB-HDD. Tazama na saa pia. Kama tarehe imerudi miaka mingi nyuma, betri ndogo ya kwenye bodi imekufa. Inaonekana jambo dogo, lakini Linux itakapowaka na saa ya mwaka 2008, kivinjari kitakataa karibu kila tovuti kwa kudai vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika, na masasisho nayo yatagoma kwa sababu hiyo hiyo. Rekebisha tarehe sasa. Betri utaibadilisha siku nyingine. Laptopu nyingi hutumia CR2032 iliyofungwa kwenye plastiki yenye waya mbili.

Mashine ikigoma bado, sikiliza inavyogoma, maana kila aina ya mgomo ina maana yake. Ikipita moja kwa moja hadi Vista ilhali flashi umeiandika sawasawa, BIOS haikuijaribu flashi kabisa: tatizo ni foleni, au tundu, au mpangilio wa USB umezimwa. Ikikaa kwenye kioo cheusi na kimstari kinachomweka juu kushoto, ni habari njema kwa namna yake, kwa sababu BIOS iliisoma sekta ya kwanza na kuikabidhi mashine, ila programu ya mle ndani ikakwama. Hapo andika flashi upya kwa DD, au tumia flashi nyingine, ikiwezekana yenye ukubwa mdogo na ya zamani kidogo. Ikikuambia haikuona mfumo endeshi, flashi ilijaribiwa ikakutwa haina sekta ya kuwashia. Na ikifika kwenye menyu ya Linux yenyewe, kisha kioo kikawa cheusi baada ya kuchagua, BIOS haihusiki tena, ni kadi ya picha. Kwenye menyu hiyo chagua mstari wa hali ya utangamano (compatibility mode), au bonyeza e au Tab kulingana na maelekezo ya chini, uongeze neno nomodeset mwishoni mwa mstari wa kernel, yaani kiini cha Linux, kisha uendelee.

Na kama umefungua kila mlango na BIOS yako kweli haijui USB? Kwa mashine ya 2008 nitashangaa, kwa ya 2003 sitashangaa. Ipo programu ndogo iitwayo Plop Boot Manager yenye draiva yake ya USB ndani, isiyoitegemea BIOS. Inaweza kuongezwa kwenye menyu ya kuwashia ya Windows iliyopo. Unawasha, unaichagua, nayo inaifungua flashi kwa niaba ya BIOS. Kama tundu ni la USB 1.1, uvumilivu utahitajika. Kasi yake ya juu ni megabiti 12 kwa sekunde, na faili la GB 2 peke yake litapita hapo kwa zaidi ya dakika 20 hata mambo yakienda vizuri.

Njia ya mtandao ipo pia, inaitwa PXE. Laptopu inaomba anwani ya mtandao, inaelekezwa kwenye kompyuta inayotumika kama seva, inavuta kisakinishi kwa kebo. Ni nzuri kwa mwenye mashine 30 za kupiga kwa siku moja. Kwa laptopu moja ya mdogo wako ni mzunguko mrefu: inataka kompyuta ya pili iliyosanidiwa kuwa seva hiyo, na kebo ya mtandao, kwa sababu PXE haipiti kwenye Wi-Fi ya laptopu za aina hiyo.

Ninayoipenda zaidi pale flashi inaposhindikana ni kuitoa diski. Zima laptopu, chomoa chaji, toa betri kubwa. Chini utaona kifuniko chenye skrubu mbili au zaidi, mara nyingi kina alama ndogo ya silinda. Kifungue, vuta diski polepole kuelekea upande wa kimkanda chake. Kama ina viunganishi viwili bapa vya plastiki, kimoja kifupi na kimoja kirefu, ni SATA, na laptopu nyingi zilizo mpya kidogo tu kuliko yako zitaipokea. Kama ina safu mbili za vijiti vyembamba, ni IDE ya pini 44, na hiyo inahitaji adapta yake. Iweke diski ndani ya laptopu nyingine yenye uwezo wa kuwaka kutoka kwenye flashi, sakinisha Linux humo, kisha irudishe nyumbani kwake. Linux haijali kuhamishwa hivi. Inapowaka inatazama upya vifaa vilivyopo na kupakia draiva zinazohitajika. Windows haina uvumilivu huo, na kisakinishi chake hukataa hata kuwekwa kwenye diski iliyounganishwa kwa USB.

Kuna mtego mmoja tu kwenye njia hii, na nimeona watu wakiukanyaga. Laptopu ya kuazima ikiwa ni mpya, kisakinishi kitawaka kwa UEFI na kuweka kianzishi (programu inayouanzisha mfumo) cha UEFI, ambacho BIOS yako haitakielewa. Diski itarudi ikiwa na Linux kamili isiyoweza kuwaka. Kwa hiyo kwenye menyu ya kuwashia ya laptopu hiyo chagua flashi kwa njia ya Legacy, ile isiyotanguliwa na neno UEFI. Na kama unaiunganisha diski kwa adapta ya USB badala ya kuiweka ndani, chomoa kwanza diski ya mwenye mashine. Usipofanya hivyo kianzishi kinaweza kwenda kwenye diski yake, kisha yake ikaharibika na ya kwako ikabaki haiwaki.

Kuhusu kisomea kipya alichokushauri rafiki yako: ukinunua cha nje, kinapitia USB ile ile. BIOS inayokubali kisomea cha USB kwa kawaida inakubali na flashi, na isiyojua USB itavikataa vyote viwili.

Usakinishaji wenyewe, ukishafika, ni rahisi kuliko yote niliyoyaeleza. Mint na antiX zinawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Usikimbilie kubonyeza usakinishaji. Kaa humo nusu saa ujaribu kibodi yote, sauti, mwanga wa kioo, na Wi-Fi. Ukiwa hapo hapo fungua diski ya Vista, kwa sababu Linux inaisoma, na unakili picha na nyaraka za zamani kwenye flashi ya pili au diski ya nje. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Ukiamua kufuta diski nzima, hazitakuwepo tena.

Wi-Fi ikiwa haionekani, huenda kadi yake ni ya Broadcom na inasubiri programu ya ndani ambayo haimo kwenye ISO. Chukua simu yako ya Android, iunganishe kwa kebo ya USB, na uwashe ugawaji wa intaneti kupitia USB. Linux itaiona kama kebo ya mtandao bila kuuliza lolote, nawe utapakua kinachokosekana kwa njia hiyo. Debian tangu toleo la 12 inaweka programu nyingi za aina hii ndani ya kisakinishi chenyewe, kwa hiyo huko usumbufu utapungua au usiwepo kabisa.

Kwenye ukurasa wa patisheni, kama Vista haina kazi tena, chagua kufuta diski nzima na uache kisakinishi kipange chenyewe. Kwa RAM ya GB 2 hakikisha kuna nafasi ya swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM ikijaa), GB 2 hadi 4. Kisakinishi kikitaka kujua kianzishi kiwekwe wapi, jibu ni diski yenyewe, yaani sda, si sda1.

Kikimaliza kitakuambia uchomoe flashi ubonyeze Enter. Ichomoe wakati huo, si kabla. Mashine ikishawaka kutoka kwenye diski, irudishe foleni ya BIOS kama ilivyokuwa, diski mbele, ili flashi ya shule anayoisahau mdogo wako kwenye tundu isije ikamzuia asubuhi yenye mtihani. Flashi ya kuwashia usiifute. Iandike jina kwa kalamu na uiweke na chaji, kwa sababu siku diski hiyo ya miaka mingi itakapoanza kufa, ndiyo utakayoiwashia ili uokoe kazi zake. Na kama hata baada ya haya inapita tu hadi Vista, niandikie jina la laptopu na modeli yake kamili iliyo kwenye karatasi ya chini, pamoja na mistari yote unayoiona kwenye ukurasa wa Boot, na unieleze umefungua ipi.